UZI: Geneva 2018 Congo tuligoma kwenda kupokea msaada. Nchi iliyotoka vitani iko na haki ya kusema hapana?

#1 Mwana Kadutu (Bukavu)
Wakuu jamboni. Kuna kitu kinanisumbua toka siku ile Paris, tarehe 30 Oktoba 2025, walitangaza zaidi ya euro bilioni 1,5 kwa ajili yetu wa Maziwa Makuu. Tulikuwa tunasikiliza redio na jirani yangu uwanjani, mama mmoja mtu mzima, alikuwa anamenya mihogo. Akasikia bilioni, akasema "sawa", akachukua muhogo mwingine. Hakufurahi wala hakukasirika. Hiyo "sawa" yake inanikaa kichwani mpaka leo.

Nikakumbuka Geneva. Tarehe 13 Aprili 2018 Umoja wa Mataifa uliita mataifa yachangie Congo, zilihitajika dola kama bilioni 1,7, zikaahidiwa milioni 528. Hata theluthi moja haikufika. Na mwenye msiba hakuwepo! Serikali ya wakati ule iligoma kwenda, ikasema hesabu ya wakimbizi wa ndani imetiwa chumvi na inaharibu sura ya nchi.

Wakati ule nilikasirika mpaka nikakosa usingizi, maana shangazi yangu alikuwa amekimbia na watoto sita na mtu wa Kinshasa anasema hao watu hawapo. Lakini sasa nimeona mikutano mingi na nimeanza kufikiri tofauti, kwamba kukataa hakukuwa kosa, sababu ndiyo ilikuwa mbaya. Mtu akija kukusaidia kujenga nyumba yako iliyoungua wewe ndiye unamwonyesha mlango utakaa wapi, ukimwachia yeye kila kitu utakuja kuingilia dirishani.

Nauliza: mnaonaje? Na kwa nini hizi ahadi zinatangazwa kwa bilioni alafu zinafika kwa ndoo?

#2 Birere Mama (Goma)
Mdogo wangu wa Kadutu, kukataa ni kazi ya mtu mwenye ameshiba. Mi nimelala chini ya bashi miezi kumi na moja. Unajua udongo wa huku ni mawe ya volkano, yanachoma mgongo usiku kucha. Siku wanaleta unga na mafuta hakuna mtu aliuliza kama vimetoka Geneva ao Paris, tulipanga mstari saa kumi na moja ya asubui, jetoni mkononi, mtoto mgongoni. Ungekuja siku ile useme tukatae, wamama wangekufukuza na masufuria.

#3 Lushi Kenya (Lubumbashi)
Mama heshima yako, lakini unga ni wa kumfanya mtu afike kesho, haujengi nchi. Mwenzetu wa Kadutu anaulizia kujenga. Na kwenye kujenga hakuna mkono unaokuja mtupu, kila anayekuja kusaidia anaangalia chini, kwenye udongo. Wachina walitupa dola bilioni 9 mwaka 2008 za barabara na hospitali, wakachukua shaba ya Kolwezi. Leta ikasaini. Sisi huku Katanga tunaona malori ya shaba yanapita kwenda mpakani Kasumbalesa usiku na mchana, barabara za mitaa yetu ya Kenya na Katuba mvua ikinyesha unavua viatu.

#4 Mtu wa Kigoma
Samahani wakuu, nafuatilia kutoka ng'ambo ya ziwa. Bashi ni nini? Na "leta ikasaini", leta ndo nani?

#5 Birere Mama
Bashi ni turubai mwanangu. Nyeupe, na maandishi ya buluu.

#6 Lushi Kenya
Leta ni serikali, imetoka kwenye Kifaransa. Wazee wetu walilisikia hivyo wakaona linafaa, maana kila akija ni leta kodi, leta karatasi, leta kuku 😂

#7 Mwalimu Ibanda (Bukavu)
Ndugu Lushi post #3 kuna mambo mawili ya kusahihisha, usikasirike ni kazi yangu.

Moja, hazikuwa zawadi. Huo mkataba wa Wachina, wa kampuni ya pamoja Sicomines, ni mkopo unaolipwa na madini, upande wa China wana 68%, Gécamines, kampuni ya madini ya leta, 32%. Pili, hizo bilioni 9 zilibaki kwenye karatasi. Mwaka 2009 zilishushwa hadi 6: tatu za miundombinu, nyingine za mgodi. Aliyezishusha ni mfadhili mwingine! Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema mkibeba deni hilo jipya hatuwezi kuwafutia la zamani. Tukapunguza, na Julai 2010 tukafutiwa kama bilioni 12,3. Yaani wasaidizi wawili walibishana mlangoni kwetu nani aingie kwanza, sisi tumeshika funguo tunatazama.

Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ukatoa ripoti kwamba katika zile bilioni 3 za miundombinu kazi iliyofanyika ni ya milioni 822 tu. Machi 2024 wakaandika upya, sasa ni mpaka bilioni 7, milioni 324 kila mwaka, ila bei ya shaba isishuke chini ya dola 8.000 kwa tani. Angalieni sharti hilo vizuri. Darasa la mtoto wa Bukavu linategemea bei ya shaba iliyopangwa London.

#8 Katuba (Lubumbashi)
Mwalimu umeshusha somo mpaka nimekaa vizuri kwenye kiti. Asante.

#9 Dada Himbi (Goma)
Jamani mi nimefanya uhasibu kwenye mashirika miaka minane, swali la pili la Mwana Kadutu naweza kulijibu kidogo, pesa zinapotelea wapi.

Kuna neno "ahadi", kuna "kujifunga", kuna "kutoa". Watu wanachanganya. Waziri akisimama Paris akisema milioni mia, hiyo ni ahadi. Baadaye bunge lake lipitishe, isainiwe mikataba, hapo amejifunga. Alafu ndo itumwe, vipande vipande, kila kipande na ripoti. Katikati serikali ya huko inaweza kubadilika. Na mara nyingi ndani ya hiyo mia kuna pesa iliyotangazwa mwaka jana kwenye mkutano mwingine, inatangazwa tena imevaa nguo mpya.

Na ikishafika, inashuka ngazi. Shirika kubwa linakata lake la uendeshaji, linampa la kati, naye anakata, anampa la hapa. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kompyuta najaza jedwali, kwanza mistari ya ofisi, magari, walinzi, nyumba, mafunzo ya hotelini, unashuka unashuka, mistari minne ya mwisho ndo kijiji. Nilikuwa nikifika pale chini naona aibu, na mshahara wangu ulikuwa mstari wa juu. Hakuna aliyeiba hata franga. Kila kitu kilikuwa na risiti.

#10 Fundi Bomba (Bukavu)
Dada Himbi hiyo mistari minne ya mwisho mimi ndo nilikuwa ndani yake. Niwaeleze.

Mwaka 2019 tulijenga bomba la mtaa, sitataja mtaa wala shirika. Kazi nzuri kabisa, zege safi, koki sita, paa la bati, kibao cha marumaru na bendera nne. Bomba jipya ni la plastiki la milimita 63. Bomba la zamani la mji linalopita barabarani ni chuma, liko kwenye inchi, la wakati wa Wabelgiji. Kuunga hivyo viwili unahitaji rakori moja maalumu, upande huu inashika chuma upande huu inabana plastiki. Kwenye orodha ya vifaa haikuwepo! Aliyeandika orodha alikuwa mji mwingine, aliandika kama bomba zote ni mpya. Rakori yenyewe haifiki hata dola 50.

Nikasema. Injinia akaandika barua. Wakajibu mstari huo haupo kwenye bajeti, waombe kubadilisha. Tukangoja. Tarehe 31 Desemba mradi ukafungwa, pesa iliyobaki ikarudi walikotoka nayo, na nasikia haikuwa kidogo. Waliokuja kukata utepe walileta maji kwenye tanki juu ya lori, koki zikatoka maji siku moja, wamama wakapiga vigelegele, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta siwezi kuangalia.

Nilijaribu mwenyewe na mpira wa ndani wa tairi, nikakata nikafunga na waya. Ulishika wiki tatu. Presha ya usiku ikaupasua.

#11 Mwana Kadutu
Fundi nimesoma mara mbili. Na hiyo koki bado iko pale?

#12 Fundi Bomba
Iko. Watoto wanakalia.

#13 Ndosho (Goma)
Mnazungumza rakori, mnazungumza mistari, lakini mnaruka jambo kubwa zaidi. Vita havijaisha! Nchi gani inajengwa upya "baada ya vita" wakati vita viko sebuleni?

Hesabuni na mimi. Januari 2008 mkutano mkubwa hapa Goma, tarehe 23 serikali na vikundi vya silaha wanasaini karatasi za ahadi ya kuacha vita, programu ya Amani inazaliwa, wafadhili wanakuja. Oktoba mwaka uleule mapigano yako karibu na mji. Novemba 2012 waasi wa M23 wanaingia Goma. Februari 2013 Addis Abeba wanasaini mkataba wa mfumo wa amani, nchi kumi na moja. Mei 2013 Ban Ki-moon, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, na rais wa Benki ya Dunia Jim Yong Kim wanakuja mpaka hapa Goma, ahadi ya dola bilioni 1. Nilikuwa kijana, tulisimama barabarani kuona msafara. Januari 2025 mji unaanguka tena, Februari Bukavu. Mfadhili gani ataweka saruji hapa? Mi ningekuwa na pesa yangu nisingeiweka.

#14 Virunga Tisa (Goma)
Ndosho uko sawa, ila ile bilioni 1 ya 2013 watu huwa wanadhani ilikuwa ya Kivu. Ilikuwa ya kanda nzima. Milioni 340 zilikuwa za bwawa la Rusumo, megawati 80, zinagawanywa Rwanda, Burundi na Tanzania. Kwa hiyo kaka wa Kigoma umeme wako umetoka kwenye machozi yetu 😄 Na bwawa la umeme la Ruzizi III, la kwetu sote na Rwanda na Burundi, megawati 206, inaongelewa toka niko shule ya msingi.

Nyongeza kuhusu Paris. Walitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. M23 wanaoushika uwanja hawakuwa mezani, wakakataa hapohapo. Geneva mwenye nchi alikosekana kwa kupenda, Paris mwenye funguo hakuitwa. Matokeo kwa mama Birere ni yaleyale.

#15 Mtu wa Kigoma
Kaka Virunga, huku nako unakatika, msituonee wivu.

#16 Mwalimu Ibanda
Nataka kurudisha uzi kwenye swali la mlango na dirisha. Kuna njia ya tatu kati ya kukubali yote na kukataa yote.

Watu wanapenda kusema "tunataka Mpango wa Marshall". Marekani ilitoa kama dola bilioni 13 kwa nchi 16 za Ulaya kuanzia 1948, hilo wanalijua. Wasilolijua ni daftari. Mkulima wa Ufaransa akitaka trekta la Kimarekani hapewi bure, analilipa kwa faranga zake za Ufaransa. Mmarekani aliyeuza trekta analipwa dola na serikali ya Washington. Zile faranga za mkulima zinaingia kwenye mfuko maalumu hapohapo Ufaransa, na serikali yake inazitumia kujenga reli, umeme, migodi ya makaa. Pesa moja imefanya kazi mara mbili. Ujerumani walizigeuza mikopo kupitia benki yao KfW iliyoanzishwa 1948, mtu anarudisha, anakopeshwa mwingine, na ule mfuko upo mpaka leo! Miaka zaidi ya sabini.

Kwetu trekta linakuja bure, linaharibika, linakaa nyuma ya ofisi ya wilaya, linaota majani. Hakuna aliyelipa kwa hiyo hakuna anayeuliza.

#17 Katuba
Mwalimu hapo umesahau kusema Marekani ilipata wapi nguvu ya kuwa baba wa Ulaya. Uranium ya bomu lile la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi. Sisi tulichangia kumaliza ile vita. Mpango wa Marshall wa Shinkolobwe uko wapi?

#18 Mzee Likasi
Kijana Katuba, baba yangu aliona magunia yale yakipakiwa. Umesema kweli na linauma. Lakini ukienda kwenye meza ya watu na deni la 1945 watakupa pole, watapiga picha na wewe, alafu watarudi kwenye agenda.

Mimi nakumbuka 2003 mpaka 2006, wakati wa marais wasaidizi wanne. Kulikuwa na kamati ya mabalozi, CIAT, walikaa Kinshasa wanaisindikiza serikali ya mpito. Tulilalamika kwamba tumerudi ukoloni. Lakini uchaguzi wa 2006 ulifanyika, nilipiga kura, nilikuwa nimeshakuwa na wajukuu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchagua kweli. Kwa hiyo mkono wa nje sikatai. Ninachouliza ni nani anashika kalamu.

#19 Mwalimu Ibanda
Mzee, hapo kwenye kalamu umenifungulia mlango. Liberia 2005. Vita vimeisha, serikali ya mpito inakula, wafadhili wanasema basi, hatutoi tena bila kusaini pamoja. Ukatengenezwa mpango unaitwa GEMAP. Bandarini, uwanja wa ndege, kampuni ya mafuta, misitu, mpaka Benki Kuu, waliwekwa wataalamu wa nje, na hundi haitoki mpaka sahihi mbili ziwepo, ya Mliberia na ya mgeni. Ellen Johnson Sirleaf aliingia madarakani Januari 2006 akaukuta, akaendelea nao. Mwaka 2010 Liberia ikafutiwa madeni karibu yote.

Je, Congo tungekubali? Nauliza bila kuwa na jibu. Kuna siku nasema ndiyo, hasa siku ya kungoja mshahara. Kuna siku nasema babu zetu hawakufa ili mgeni asaini hundi ya chaki.

#20 Lushi Kenya
Hapana kabisa! Mwalimu nakupenda lakini hapana. Sahihi ya pili itakuwa ya nani? Mtu wa nchi ambayo kampuni zake zinachimba hapa! Atazuia hundi ya hospitali na ataachia hundi ya reli ya kutolea madini kwenda bandari ya Lobito, Angola. Sahihi ya pili iwe ya mtu wa hapa, mama wa soko, mwalimu, fundi. Huyo akila, nitamkuta kanisani.

#21 Dada Himbi
Lushi, kamati za mitaa nazo zinakula, nimezikagua. Tofauti ni kwamba zinakula ndogo na wanajulikana.

#22 Birere Mama
Nisikilizeni basi niwaambie kuhusu daftari, maana hilo nalijua.

Tulivyorudi mtaani meza zetu za soko zilikuwa zimegeuzwa kuni. Benki hapa Goma zilifungwa mwisho wa Januari 2025. Sasa hata hizo euro zao zingepita wapi? Tukafanya likelemba, wamama ishirini, dola tano kila juma. Kila Jumamosi mama mmoja anachukua mia. Daftari anashika mama ambaye hajui kusoma! Tulifanya makusudi. Yeye anashika, mwingine anaandika, kila mtu anasoma kwa sauti mbele ya wote. Anayeandika hawezi kulibeba nyumbani, na anayelibeba hawezi kuliandika. Mimi nilikuwa wa tisa. Nilinunua mbao, bati tatu, gunia la sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani. Wa kumi na nne mtoto wake aliugua akaomba apite mbele, tukampisha.

Sasa kuna shirika lilikuja, likaona, likafurahi, likasema watatuongezea pesa lakini tuunde kamati, tuwe na rais, makamu, mhasibu, na muhuri. Wamama walianza kugombania urais hata kabla pesa haijafika. Tukawaambia asante, tuacheni. Kwa hiyo mdogo wangu Kadutu ile #2 yangu naishikilia, unga sikukataa na sitakataa. Lakini hiyo ya muhuri tulikataa.

#23 Mwana Kadutu
Mama Birere umejibu swali langu kuliko mimi nilivyoliuliza.

#24 Katuba
Niongeze na mimi moja. Kaka yangu alikuwa askari wa moja ya vile vikundi, akaacha bunduki kwenye zile programu za kurudisha wapiganaji raia. Alipewa karatasi, pesa kidogo na mashine ya kushona. Kaka yangu anajua kuvua samaki, hajui kushona! Aliomba nyavu, wakamwambia kwenye eneo lake chaguo ni ushonaji ao useremala. Mashine aliuza juma la pili. Mwaka uliofuata alirudi msituni, na hatujamwona tena.
Naandika hili kwa sababu mtu aliyepanga orodha hiyo labda alikuwa mtu mwema.

#25 Ndosho
Pole sana ndugu.

#26 Fundi Bomba
Pole kaka. Orodha ileile.

#27 Mkongo wa Nairobi
Poleni wote. Mi nataka kuuliza kitu. Ukraine vita bado vinapigwa na kila mwaka wanafanyiwa mkutano wa kujengwa upya, Lugano 2022, London 2023, Berlin 2024, Rome 2025. Februari 2025 Benki ya Dunia na wenzake walishapiga hesabu ya dola bilioni 524 kwa miaka kumi. Kwa hiyo hoja ya Ndosho #13 kwamba huwezi kujenga vita vikiwepo haishiki. Kwao inawezekana, kwetu haiwezekani, kwa nini? Tuseme tu rangi.

#28 Dada Himbi
Rangi ipo, sikatai. Lakini nimeona kitu kingine. Wale wana hesabu yao wenyewe, nyumba kwa nyumba, daraja kwa daraja, na wanakuja nayo mezani. Sisi mwaka 2018 tulibishana na Umoja wa Mataifa kuhusu watu wangapi wamekimbia, na hatukuwa na daftari letu la kuonyesha. Na msiwaonee wivu sana, tarehe 30 Aprili 2025 nao walisaini na Marekani mkataba wa madini. Miezi miwili baadaye, tarehe 27 Juni, sisi na Rwanda tukasaini Washington, na ndani mna ukurasa wa uchumi na madini.

#29 Lushi Kenya
Niliwaambia kwenye #3! Anaangalia chini!

#30 Mwalimu Ibanda
Kuhusu kukataa kwenyewe, tuwe na mifano ya waliokataa kweli. Julai 1947 Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, alitoka kwenye mkutano wa Paris, Urusi ikaukataa Mpango wa Marshall. Czechoslovakia walikuwa wameshakubali, Stalin akawaita Moscow, wakarudi wamekataa. Hapo aliyesema hapana hakuwa mwenye nyumba. Mfano mwingine wa jirani: Desemba 1995 Rwanda ilifukuza mashirika 38 kwa mara moja, ikasema anayebaki afanye kazi kwa mpango wetu.

#31 Ndosho
Mwalimu mfano huo wa pili kuuleta hapa Goma leo unahitaji moyo.

#32 Mwalimu Ibanda
Najua. Nimeuleta kama historia. Mtu unaweza kusoma daftari la jirani aliyekuumiza.

#33 Virunga Tisa
Wao walikuwa na serikali inayofika mpaka kijijini. Kwetu ukifukuza mashirika leo, kesho zahanati nyingi hazina hata glavu. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilibeba kama 70% ya pesa za msaada wa dharura Congo, mwanzoni mwa 2025 wakafunga bomba, na sisi hatukukataa chochote. Tulikataliwa. Tungoje kwanza tuwe na cha kukataa.

#34 Mzee Likasi
Hapana mwanangu. Ukingoja kushiba ndipo useme hapana, hutasema. Mama Birere amesema akiwa na njaa.

#35 Lushi Kenya
Wakati mnabishana mi nimerudi kwenye #10. Fundi, hiyo rakori ni ya ukubwa gani hasa? Hapa Lubumbashi kuna maduka ya vifaa vya mgodini, vitu vya kuunga chuma na plastiki vimejaa, kesho napita huko kwa kazi yangu.

#36 Fundi Bomba
Upande wa plastiki milimita 63. Upande wa chuma ni inchi mbili na nusu, lakini usichukue ya kuzungusha na meno, ile chuma ya zamani imelika, meno hayashiki. Chukua ya kubana na boliti, nne ao sita, na mpira wake ndani. Uangalie mpira usiwe umepasuka kwa kukaa dukani, ukunje kidogo na kidole. Na presha iandikwe 16.

#37 Lushi Kenya
Nimeandika. Ila itafikaje Bukavu? Ndege hakuna.

#38 Mtu wa Kigoma
Ipitishe Zambia iingie Tanzania, ikifika Kigoma naipokea mimi. Boti za Uvira naona kila juma, nina mtu.

#39 Mwana Kadutu
Mi nachangia dola kumi. Kutoka Uvira nitatafuta dereva.

#40 Mzee Likasi
Kabla hamjaunga, mpate ruhusa ya wenye maji. Msipokuwa na karatasi watakuja kukata siku hiyohiyo.

#41 Fundi Bomba
Ruhusa iko mzee, ya 2019, na muhuri. Kesho asubuhi naenda kuuliza kama aliyeisaini bado yuko ofisini.